Nafsi Ndani ya Kitenzi: Wakati Uliopo wa Kihispania Ukitazamwa Kutoka Kiswahili



1.0 Utangulizi

Bila shaka wapo miongoni mwenu wanaojiuliza kwa nini mhadhara wa hadhara katika taaluma ya Kiswahili ushughulikie kitenzi cha Kihispania. Swali hilo ni halali, nami napenda kulijibu kabla ya jambo lingine lolote.

Sababu ni mbili. Ya kwanza inahusu bara letu. Itifaki ya Marekebisho ya Sheria ya Uanzishwaji wa Umoja wa Afrika, iliyopitishwa Maputo mwaka 2003, inazitaja Kihispania na Kiswahili katika orodha moja ya lugha rasmi za Umoja, pamoja na Kiarabu, Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Mwezi Februari 2022 wakuu wa nchi wanachama walikipitisha Kiswahili kuwa lugha ya kazi ya Umoja huo. Aidha, Kihispania ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, nchi iliyopata uhuru wake kutoka Hispania tarehe 12 Oktoba 1968, na ambayo wananchi wake wengi huzungumza Kifang na Kibubi, lugha za Kibantu kama kilivyo Kiswahili. Hivyo, mkalimani wa kesho atakayesimama kati ya lugha hizi mbili bila lugha ya tatu huenda ameketi humu ukumbini leo.

Sababu ya pili inahusu madarasa yetu. Mwanafunzi wetu anapojifunza Kihispania, kwa kawaida hutumia kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya msomaji ambaye lugha yake ni Kiingereza. Kitabu hicho hutumia kurasa nyingi kumfundisha mambo anayoyajua tangu utotoni, na hunyamaza kimya pale anapohitaji msaada. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba katika wakati uliopo wa kitenzi cha kawaida, mzungumzaji wa Kiswahili yuko karibu zaidi na Kihispania kuliko mzungumzaji wa Kiingereza, na kwamba kumpitisha katika Kiingereza ni kumzungusha mlima ambao nyumba yake iko upande wa pili tayari.

2.0 Suala la istilahi

Kwanza tukubaliane kuhusu maneno. Baadhi ya wanafunzi husema kwamba kitenzi cha Kihispania “hunyambuliwa” kwa nafsi sita. Usemi huu unachanganya mambo mawili. Katika sarufi ya Kiswahili, kunyambua ni kuunda kitenzi kipya kutokana na kingine: piga, pigia, pigwa, pigana, pigisha. Maana ya msingi huongezewa jambo, na neno jipya huweza kuingizwa katika kamusi. Lakini ninapiga, unapiga na anapiga si vitenzi vitatu. Ni kitenzi kimoja kilichovikwa nafsi tatu. Tendo hili la pili ndilo uambishaji wa nafsi na njeo, nalo ndilo tutakaloliangalia leo. Atakayesema Kihispania “kinanyambua” atatafuta humo kauli za kutendea na kutendesha ambazo hazimo katika umbo la kitenzi.

Kwa kitenzi cha kawaida ninakusudia kile ambacho mzizi wake haubadiliki na viambishi vyake hutabirika pindi kitenzi-jina kinapojulikana. Kihispania kinavyo vitenzi vingi visivyo vya kawaida, baadhi yake vikiwa ndivyo vitumikavyo zaidi. Hivyo havitatushughulisha leo.

3.0 Umbo la kitenzi

Kitenzi-jina cha Kiswahili hutambulishwa mwanzoni kwa ku-: kusema, kula, kuishi. Cha Kihispania hutambulishwa mwishoni kwa -r, ikitanguliwa na irabu moja kati ya tatu. Kwa hiyo makundi ni matatu, nasi tuchukue mfano mmojammoja: hablar (kusema), comer (kula) na vivir (kuishi). Herufi h katika hablar haitamkwi kabisa.

Ili kupata wakati uliopo, ondoa -ar, -er au -ir, kisha pachika viambishi tamati:

Nafsi ya kwanza umoja: hablo, como, vivo
Nafsi ya pili umoja: hablas, comes, vives
Nafsi ya tatu umoja: habla, come, vive
Nafsi ya kwanza wingi: hablamos, comemos, vivimos
Nafsi ya pili wingi: habláis, coméis, vivís
Nafsi ya tatu wingi: hablan, comen, viven

Jedwali hili halina haja ya kukaririwa kama dua. Nafsi ya kwanza umoja ni -o katika makundi yote. Kwingineko, -s ni alama ya wewe, -mos ya sisi, -is ya ninyi, -n ya wao, na yeye hana alama ila irabu tupu. Irabu inayotangulia alama hizo ni a kwa kundi la kwanza na e kwa kundi la pili. Kundi la tatu hufuata la pili, isipokuwa katika sisi na ninyi, ambapo irabu i hurejea.

Linganisha sasa na ninasema. Kiswahili kimepanga mofimu zake kwa mfuatano ulio wazi: ni- ya nafsi, -na- ya njeo, -sem- ya mzizi, na -a ya mwisho. Kila mofimu ina kazi yake. Katika hablo, kiambishi -o peke yake kinabeba nafsi ya kwanza, umoja, wakati uliopo na dhamira ya kuarifu. Hicho hakigawanyiki zaidi.

Je, mgeni kutoka Kiswahili ashtuke? Hana sababu. Tazama njeo ya -a-: nasema, wasema, asema, twasema, mwasema, wasema. Hapa nafsi na njeo zimeyeyuka pamoja. Katika twasema, tw- ni tu- iliyokutana na -a-, na katika asema hatuwezi tena kuonyesha kwa kidole mahali nafsi inapokoma na njeo inapoanzia. Hata utata unaotokana na myeyuko huo tunaujua, kwani wasema ni “wewe wasema” na pia ni “wao wasema”, na muktadha ndio unaoamua. Kihispania nacho kina utata wa namna hiyo: hablamos ni tunasema na pia tulisema, vivimos ni tunaishi na pia tuliishi. Kundi la -er peke yake ndilo linalotofautisha: comemos ni tunakula, comimos ni tulikula.

Dhana ya makundi ya vitenzi kwa irabu haipaswi kuwa ngeni pia. Vitenzi vyetu vyenye asili ya Kibantu huishia kwa -a, na irabu hiyo hubadilika katika ukanushi wa wakati uliopo: ninasema, sisemi. Vingi vilivyotoka Kiarabu hushikilia irabu yake: ninajibu, sijibu, ninasamehe, sisamehe, ninafikiri, sifikiri. Kwa maneno mengine, mzungumzaji wa Kiswahili hutazama irabu ya mwisho kabla ya kuamua namna ya kukiambisha kitenzi, ingawa hajui kwamba anafanya hivyo. Mhispania hufanya vivyo hivyo. Hata vitenzi vipya vinafuata utaratibu huu: Kihispania kimeunda chatear na kukiingiza katika kundi la -ar, ndiyo maana husemwa chateo, chateas, Kiswahili kinasema kuchati, na kinakanusha sichati bila kugusa irabu ya mwisho.

Jambo moja zaidi kuhusu umbo ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tazameni tena jedwali: hablo, hablas, habla, hablamos, hablan. Maumbo matano kati ya sita yanafuata kanuni yetu bila kukosea. Linalokaidi ni lile la ninyi tu: habláis, coméis, vivís, ambalo mkazo wake uko mwishoni, na alama juu ya irabu imewekwa kulitangaza kosa hilo. Katika nchi za Amerika zinazozungumza Kihispania umbo hilo halitumiki katika mazungumzo ya kawaida. Mahali pake hutumika ustedes pamoja na umbo la nafsi ya tatu wingi: ustedes hablan. Ni kweli kwamba Argentina, kwa mfano, ina hablás kwa wewe, yenye mkazo mwishoni. Hata hivyo, mwanafunzi wetu anaanza safari akiwa na mdundo sahihi kinywani.

4.0 Kiwakilishi na nafsi

Tunafika sasa kwenye kiini cha hoja. Nimewahi kusahihisha daftari la mwanafunzi ambaye kila sentensi yake ilianza kwa yo, yaani mimi. Alikuwa ameandika insha fupi kuhusu maisha yake: mimi ninaishi, mimi ninasoma, mimi ninakula, mimi ninazungumza. Kila kitenzi kilikuwa sahihi, lakini insha nzima ilisikika kama majigambo. Nilipomtaka aniambie habari hizo kwa Kiswahili, hakutamka mimi hata mara moja. Nikamuuliza, “Mimi zako zimekwenda wapi?” Akacheka, akaelewa.

Kosa hilo halikutoka katika Kiswahili. Lilitoka katika kitabu. Kiingereza hakiwezi kuacha kiwakilishi, kwa kuwa kitenzi chake kimepoteza takriban alama zote za nafsi. Kilichobaki katika wakati uliopo ni -s ya nafsi ya tatu umoja. Kifaransa kimefika mahali hapo kwa njia nyingine: kitenzi chake cha kuimba huandikwa chante, chantes, chante, chantent, lakini yote manne hutamkwa sawa. Kihispania kimehifadhi zaidi urithi wa Kilatini. Kilatini kilisema canto, cantas, cantat, cantamus, cantatis, cantant. Kihispania kinasema canto, cantas, canta, cantamos, cantáis, cantan. Konsonanti t imepotea, nafsi imebaki.

Kanuni ya jumla inajitokeza: pale kitenzi kinapoibeba nafsi, kiwakilishi huwa cha msisitizo, pale kitenzi kinapoipoteza, kiwakilishi huwa cha lazima. Uthibitisho tunao ndani ya Kiswahili chenyewe. Ninasoma inajitosheleza. Lakini husoma haina nafsi, kwani kiambishi hu- ni kimoja kwa watu wote. Ndiyo maana tunalazimika mara nyingi kusema mimi husoma, wao husoma, isipokuwa muktadha umekwisha kututajia mtendaji. Katika njeo hii moja Kiswahili kinatenda kama Kifaransa. Upo pia mfano kutoka Kihispania. Katika visiwa vya Karibi, ambako s ya mwisho hudhoofika katika matamshi na hablas husikika kama habla, viwakilishi kama tú hutumika zaidi kuliko Hispania, na wataalamu wamejadili kwa muda mrefu kama mambo hayo mawili yana uhusiano.

Kwa hiyo kanuni ya kumpa mwanafunzi wetu ni fupi: tumia yo pale tu ambapo kwa Kiswahili ungesema mimi. Yo hablo, tú escuchas ni “mimi nasema, wewe unasikiliza”, na uzito wa sentensi hizo mbili ni uleule.

Yapo maswali mengine mawili ambayo Kiswahili kinayajibu vyema. La kwanza ni la kuuliza. Kihispania hakihitaji kitenzi kisaidizi: ¿Hablas español? ni “Unasema Kihispania?”, na kiimbo ndicho kinachobeba swali. La pili ni la yambwa. Compro la mesa ni “ninanunua meza”, na ikiwa meza imekwisha kutajwa, Mhispania husema la compro, nasi tunasema ninainunua. Katika lugha zote mbili alama ya yambwa hutangulia mzizi, na hupatana na nomino: Kihispania kwa jinsia na idadi, Kiswahili kwa ngeli. Neno mesa lenyewe si geni kwetu, kwani meza yetu imetokana na mesa ya Kireno.

5.0 Matumizi ya wakati uliopo

Umbo moja la hablo lina kazi ambazo Kiswahili kimezigawa kwa viambishi kadhaa. Hizi ndizo kuu.

(a) Tendo linaloendelea. ¿Qué comes? akiulizwa mtu aliye mezani ni “Unakula nini?” Kihispania kina pia umbo refu la kusisitiza mwendelezo, lakini umbo fupi linatosha.

(b) Mazoea na ukweli wa jumla. Swali hilohilo la ¿Qué comes?, likihusu desturi ya asubuhi, ni “Wewe hula nini?” Mfasiri ndiye anayechagua kati ya -na- na hu-, kwa kuwa Kihispania hakimchagulii.

(c) Wakati ujao uliopangwa. Mañana hablo con el profesor ni “Kesho nazungumza na profesa”. Hakuna la kufundisha hapa.

(d) Usimulizi wa kihistoria. Mwanahistoria wa Hispania anaweza kuandika kwamba mwaka 1492 Antonio de Nebrija publica (anachapisha) sarufi yake ya Kikastilia, ingawa tukio ni la kale. Kiswahili hupendelea -li- ikifuatwa na -ka-, lakini -na- ya usimulizi pia inafahamika.

(e) Hali iliyoanza zamani na ingali ipo. Vivo en Malabo desde 2010 ni “Ninaishi Malabo tangu 2010”. Huu ndio mfano ninaouthamini kuliko yote. Kiingereza hapa hutumia njeo timilifu, na mwanafunzi anayetafsiri kutoka Kiingereza huandika he vivido, umbo ambalo si la kawaida kwa maana hii. Angetoka moja kwa moja katika Kiswahili, neno kwa neno, asingekosea: ninaishi, vivo, tangu, desde. Amekosea kwa sababu ameacha alichokuwa nacho.

6.0 Pale Kiswahili kinapopotosha

Ingekuwa si uaminifu wa kitaaluma kudai kwamba Kiswahili ni mwongozo usiokosea. Yako mambo manne ya kuangalia.

La kwanza ni kiambishi -me-. Kiswahili husema amevaa shati kwa hali iliyopo sasa, kikiitazama kama tokeo la tendo lililokamilika. Kihispania hutumia wakati uliopo: lleva una camisa. Vilevile, anayejibu nimeelewa kwa Kiswahili atasema comprendo. Atakayeibadili kila -me- kuwa timilifu ya Kihispania atasema jambo jingine.

La pili ni ukanushi. Kiswahili hubadili kitenzi kizima: ninasema, sisemi. Kihispania huweka no mbele, basi: hablo, no hablo. Hapa hatari ni ya mwanafunzi kutafuta ugumu usiokuwepo.

La tatu ni upatanisho. Kwetu kitabu kinaanguka, mti unaanguka, mtoto anaanguka. Kitenzi cha Kihispania hakijali ngeli wala jinsia. Kinatazama nafsi na idadi tu. El niño come, la niña come: mvulana na msichana wanapata umbo moja, kama ambavyo anakula yetu haibagui mume na mke.

La nne ni heshima. Kiswahili huonyesha heshima kwa salamu na kwa majina ya udugu na cheo, wala hakibadili kitenzi. Tunamwambia mzee “Shikamoo, babu, unakula?” kwa u- ileile ya mtoto. Kihispania hukibadili kitenzi. Kwa mtu wa kuheshimiwa hutumika usted, lililotokana na vuestra merced, “hisani yako”, nalo huchukua kitenzi cha nafsi ya tatu: ¿Come usted? Mtu yuko mbele yako nawe unamsemesha kana kwamba unamsema. Mwanafunzi wetu aliyelelewa vyema anaweza kumwambia mzee wa Malabo ¿comes? kwa nia njema kabisa, akiamini kwamba adabu imekwisha kukaa katika salamu. Hili halifundishwi kwa jedwali. Linafundishwa kwa kulinganisha adabu za jamii mbili.

7.0 Hitimisho

Nebrija alipotunga sarufi yake mwaka 1492, alikitazama Kikastilia kwa jicho la Kilatini. Krapf mwaka 1850 na Steere mwaka 1870 walikieleza Kiswahili kwa wasomaji wa Ulaya, kwa istilahi walizozirithi kutoka katika sarufi za Ulaya. Kila mtu huanza kuitazama lugha ya pili kutoka mlangoni pa lugha anayoijua, na hilo si kosa. Kosa ni kumtaka mtu mwenye mlango wake aingie kwa mlango wa jirani.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili kwa idara zetu. Kwanza, tuandike vitabu vya Kihispania kwa Kiswahili, vikianza na vitu ambavyo lugha hizi mbili zinashirikiana: nafsi iliyomo ndani ya kitenzi, kiwakilishi cha msisitizo, swali la kiimbo, na vivo desde sambamba na ninaishi tangu. Pili, tuyakusanye makosa ya wanafunzi wetu na kuyatenga yale yatokanayo na Kiswahili na yale yatokanayo na kitabu. Naamini tutayakuta ya kundi la pili kuwa si machache.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu katika kujifunza lugha za ulimwengu ni sarufi tuliyonyonya pamoja na maziwa. Tuutandike.